Kijana wa Canter Alisema Kweli

Nilifanya makosa mawili katika gari moja. La kwanza ni la ujinga, na fundi yeyote anaweza kulifanya. La pili nililifanya kwa makusudi, na ndilo linaloninyima usingizi.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Lushoto. Kazi yangu kubwa ni Noah, Costa, na Canter zinazoteremsha kabichi, karoti na viazi kwenda Tanga na Dar es Salaam. Jioni moja mgeni mmoja alinijia na gari la umeme, mtumba wa Japani. "Fundi, taa za breki haziwaki," akasema. Nikasimama nyuma, yeye akakanyaga. Kulia giza, kushoto giza, hata ile ya juu ya kioo giza.

Ingekuwa Noah, ningeanza kazi papo hapo. Taa tatu haziungui siku moja. Zikizimika zote, ubovu uko mahali zinapopata umeme kwa pamoja: fyuzi, swichi ya pedali, au waya. Unachukua taa ya kupimia, unafuata umeme mpaka pale unapokatikia. Lakini lile gari nililiogopa. Nilikuwa nimesikia kwamba betri yake kubwa ina zaidi ya volti 300, na kwamba nyaya zake za rangi ya chungwa haziguswi na asiyesomea. Hilo ni kweli. Ila taa, honi na waipa za gari la umeme hutumia betri ndogo ya volti 12, kama Noah. Nilikuwa na uwezo wa kuzipima bila kusogelea waya hata mmoja wa chungwa.

Badala ya kusema "Kaka, hili sijalizoea," nikatoa somo. Nikamwambia magari haya hushikwa na mota, si breki, kwa hiyo taa kutowaka ni kawaida yake. Nikaongeza kwamba gari la namna hii halikubali kuondoka mpaka ukanyage breki. Kwa kuwa linaondoka, basi swichi ni nzima. Akanishukuru, akanipa na ya soda.

Nilichosema kilikuwa nusu ya ukweli. Ni kweli ukiachia pedali ya mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta, hurudisha umeme kwenye betri na kulishika gari. Likishikwa taratibu, taa haziwaki, kama zisivyowaka Fuso linaposhuka kwa gia nzito. Lakini hata hapo pana mpaka: kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka taa ziwake pale mota inapopunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde, katika kila sekunde. Na mguu ukigusa pedali ya breki, hakuna mjadala, taa lazima ziwake.

Mgeni wangu alilaza gari kwenye chaji usiku kucha. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapa hadi Mombo ni yapata kilomita 33, kona juu ya kona. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme mwingine, kwa hiyo mota haiwezi kulishika gari kama kawaida. Asubuhi ile alishuka kwa breki ya mguu, kona baada ya kona, bila taa. Chini ya Soni bodaboda ilimkatiza, akakanyaga ghafla. Canter ya kabichi iliyokuwa nyuma ikamvaa. Hakuna aliyeumia, lakini buti liliingia ndani na taa zote za nyuma zikawa vipande.

Alinipigia, nikashuka kwa bodaboda. Nilimkuta askari akiandika. Dereva wa Canter, kijana mdogo, alikuwa akirudia neno moja: "Afande, sikuona taa." Askari akanigeukia: "Fundi, taa zilikuwaje?" Nikajibu, "Jana nilizikagua, afande."

Sikusema nilikuta nini nilipozikagua. Mwenye gari akatazama chini, naye akanyamaza. Kijana akaandikiwa kosa la kutoacha nafasi, na tajiri wake akaanza kumkata mshahara.

Gari lilipovutwa hadi kwangu, ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Fyuzi nzima. Kwenye swichi ya pedali umeme unaingia, ukikanyaga hautoki. Pedali ile ilikuwa na swichi mbili: ya kompyuta ilikuwa hai, ndiyo maana gari liliondoka, ya taa ilikuwa imekufa. Nyingine ilipatikana Tanga kwa bei ndogo, na kuifunga kulichukua muda mfupi kuliko lile somo langu.

Nilikaa na siri hiyo mpaka nilipokutana na yule kijana gulioni, akibeba mizigo kufidia kilichokatwa. Nimekwenda kituoni kubadilisha maelezo yangu. Nimekwenda kwa tajiri wake, nikamweleza mbele ya kijana mwenyewe, na fedha zilizokatwa nazilipa mimi, kidogo kidogo.

Mafundi wenzangu, magari haya yanakuja, yatapanda hadi Mlalo na Mtae. Kusema "sijui" hakumfukuzi mteja. Na hata akienda kwa mwingine, heri aende na taa mbovu anazozijua. Nawe dereva, kabla hujashuka, mwombe mtu asimame nyuma ya gari, ukanyage pedali. Taa zisipowaka, usishuke, hata kama fundi amekuhakikishia.