Mugumo wa Waiyaki Way

Nyanya yangu alizaliwa Murang'a, lakini sehemu kubwa ya maisha yake ameishi Mathare, katika chumba cha mabati. Bondeni kwetu miti ni michache, nayo haidumu, maana mwenye shida ya kuni huikata. Kwa hiyo aliponieleza habari za mugumo, mti mtakatifu wa Wakikuyu, nilimsikiliza kama mtu asikilizaye hadithi za sungura na fisi.

Alisema kwamba zamani wazee walichinja mwana-kondoo chini ya mugumo, wakaelekea Mlima Kenya, wakamwomba Ngai mvua. Hapakuwa na ukuta wala paa; mti wenyewe ndio uliokuwa hekalu, na kuukata ulikuwa mwiko.

Mwaka 2020 zilivuma habari kwamba mugumo mkongwe ulio kando ya Waiyaki Way, huko Westlands, ungeondolewa ili kupisha barabara mpya. Nikamwambia Nyanya, "Mti ni mti tu, barabara italeta kazi." Akanitazama kwa huzuni, akasema, "Mjukuu wangu, sisi tumehamishwa mara ngapi? Mahali pasipo na kitu kisichoguswa, hata mtu huguswa."

Maneno hayo yalinichoma. Watu wengi waliutetea mti ule, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uhifadhiwe. Barabara ilipofunguliwa mwaka 2022, mugumo ulikuwa ungali umesimama.

Basi nikampeleka Nyanya akauone. Magari yalinguruma, na juu yetu ndege walidonoa matunda. Yeye, ambaye hakosi kanisani Jumapili, aliweka kiganja juu ya gome, akanyamaza kitambo kirefu.

Tangu hapo nimejifunza kwamba hatuko peke yetu. Wamijikenda wa pwani wamezitunza kaya zao, misitu mitakatifu iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huko Japani, wafuasi wa Shinto huizungushia miti yao mikongwe kamba ya majani makavu ya mpunga, ili kila mtu ajue kuwa ni mitakatifu. Mugumo hauna kamba. Ulinzi wake ni kumbukumbu ya watu.

Baadaye Nyanya alinituma nimtafutie mche, nasi tukaupanda karibu na mlango wetu. Kila apitaye na panga, Nyanya humwita, humketisha, na kumsimulia.