Afande wa Wodi ya Wanaume

Wodini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wagonjwa walimwita dokta, maana kwetu mwanaume akivaa koti jeupe tayari ni dokta. Sisi wauguzi tulimwita Afande. Nilipoanza kazi mwaka 1984 alikuwa ameshavua gwanda miaka mitano, lakini bado alipita kati ya vitanda kama anakagua gwaride, na ole wako akute shuka lina mikunjo.

Hospitali yetu ilikuwa mkoani Kagera, katikati ya migomba, umeme wa kubahatisha. Mimi nilikuwa binti niliyetoka chuoni juzi. Mbele ya wagonjwa aliniita sista. Usiku, zamu ikitulia, aliniita mwanangu.

Alikwenda vitani akiwa tabibu wa jeshi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, kikosi chake kilikuwa miongoni mwa vilivyoletwa kuvuka mto Kagera. Masaka ikatekwa Februari 1979, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, naye alikuwa huko kote. Hayo tuliyapata kwa wenzake. Yeye ukimuuliza habari za vita, alikupa habari za miguu.

"Watu wanadhani vita ni risasi," aliniambia usiku mmoja karabai ikivuma juu ya meza. "Sisi tulitembea, mwanangu. Buti limeloa wiki nzima, soksi imegeuka uzi. Mwenye jeraha la risasi nilimpata leo, kesho nisimpate. Mwenye miguu iliyoumuka nilimpata kila jioni." Kila walipopiga kambi aliwapanga chini wavue buti, akapita na tochi kidole kwa kidole. Wapo waliomcheka. Hesabu yake ilikuwa rahisi: askari asiyeweza kutembea anahitaji wanne wa kumbeba, na hao wanne hawashiki bunduki.

Basi ule ugonjwa ukaingia. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Ndolage, huku huku Kagera, mwaka 1983. Mitaani hakuna aliyeuita hivyo. Waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, kwa kuwa wa mwanzo kuugua walikuwa watu wa magendo, vijana wenye fedha na nguo nzuri. Wengine walisema ni kulogwa na waliodhulumiwa mali ng'ambo ya mpaka. Baadaye, mwaka 1987, watafiti walipima watu Bukoba mjini wakakuta karibu robo ya watu wazima wana virusi. Sisi hatukuhitaji kungoja tarakimu hiyo, tulikuwa tunaiona vitandani.

Hofu ilikuwa kubwa, na sitaki kuipamba. Ndugu walileta uji wakauacha mlangoni. Mhudumu mmoja alisukuma sahani kwa fimbo ya ufagio. Wauguzi nao walikuwepo walioweka vidonge ukingoni mwa kitanda kisha wakaondoka mbio, mgonjwa hana hata nguvu ya kunyoosha mkono.

Afande alikuja na beseni.

Sabuni ilikuwa adimu miaka ile kuliko sukari. Ukipata mche mmoja unaukata vipande kwa uzi, kama alivyofanya yeye, akavifunga kwenye kitambaa mfukoni mwa koti. Maji aliyataka ya vuguvugu, na aliyapima kwa kiwiko. Alianza usoni, akashuka shingoni na kwapani, akamgeuza mgonjwa ubavu akamwosha mgongo, akamalizia miguuni, akikausha katikati ya vidole kwa ncha ya taulo, taratibu. Kisha alifunika. Hakumwacha mtu uchi hata dakika moja zaidi ya ilivyohitajika, hata yule asiyejitambua.

Ndipo lilipokuja somo ambalo chuoni sikulipata. Vitabu vyetu vilisema kidonda cha kulala huanza kwa wekundu. "Wekundu wa nani?" aliniuliza. "Ngozi yetu hii utauona wapi? Geuza kiganja." Akaushika mkono wangu, akaugusisha kisigino cha mgonjwa kwa mgongo wa kiganja, halafu kisigino cha pili. Cha kwanza kilikuwa na joto. Siku hiyo hiyo tukakiinua juu ya mto, na kidonda hakikutoka. Nimewafundisha hivyo wauguzi wengi tangu hapo, na wengi wamenitazama kama ninayefundisha uganga.

Glovu zilikuwa chache. Tulizifua, tukazipuliza kama puto kutafuta matundu, tukazianika, tukazipaka poda, tukazivaa tena. Alizitunza kwa damu na vidonda. Kwa kuosha ngozi nzima alitumia mikono mitupu, na nadhani alifanya makusudi tumwone. Alipoona tunasita aliiga sauti ya Mwalimu Nyerere katika ile hotuba ya vita ya Novemba 1978: dawa hatuna, ila maji tunayo, mikono tunayo! Wagonjwa wenye nguvu walicheka. Lakini hakuwa anatania tu. Mpaka dawa za kufubaza virusi zilipokuja, uuguzi ndio uliokuwa tiba yenyewe: kuosha, kulisha, kugeuza kila baada ya saa mbili, kukausha. Madaktari waliandika faili, sisi tulishika watu.

Asifanywe mtakatifu. Alikuwa mkali mpaka akavuka mpaka. Aliwatoa machozi wanafunzi, aliwafukuza wodini ndugu waliokuja kugawana mashamba mbele ya mgonjwa aliye hai, na kwa matusi ambayo sitayaandika. Kwa wakubwa alidai glovu kwa barua, na asipojibiwa aliandika nyingine, ya kwanza akiiambatanisha.

Nyumbani alikuwa mwingine, au pengine yule yule. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na jioni alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Afande aliwaogesha watoto wachanga mwenyewe. Katika kijiji chetu, mwanaume kumwogesha mtoto wa wiki mbili! Mama mkwe alikasirika, majirani wakasema vita vimemharibu akili. Alikuwa na watoto sita. Mdogo wake alipofariki, na mke wa mdogo wake akafuata, wakaongezeka wanne, wote wakimwita Baba. Jumapili kabla ya kanisa niliwahi kuwakuta kumi wamejipanga ukutani kwa urefu, viatu mkononi, naye amepiga goti na pini akiwatoa funza. Aliyelia alipewa kipande cha muwa. Asiyelia pia.

Alipofariki tulimzika kibanjani kwake, kwenye shamba lake la migomba. Wasifu uliosomwa ulikuwa wa mwanajeshi: vyeo, nishani, miji aliyopita. Miaka ya hospitali ilipata sentensi moja, kwamba baada ya vita alifanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikakasirika kimyakimya. Ningepewa nafasi ningesimulia ya mwaka 2005.

Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwaka uliotangulia, na kliniki yetu ilifurika. Yeye alikuwa ameshastaafu, amekuja kuchukua vidonge vyake vya presha. Barazani akamkuta jirani yake mmoja aliyeletwa kwetu miezi michache nyuma juu ya machela ya miti, mifupa mitupu, familia imeshaanza kuulizana habari za jeneza. Sasa mtu huyo amesimama wima, anafoka mpaka mishipa ya shingo imetoka, eti amerukwa kwenye foleni.

"Shikamoo Afande," nikamsalimu.

"Marahaba. Hebu sikiliza huyo." Akaegemea ukuta, bega likimtikisika kwa kicheko. "Sista, miaka ishirini sijawahi kugombezwa na mgonjwa wa maradhi haya. Hawakuwa na pumzi."

Kisha akajitosa. Alimwambia yule bwana kwamba foleni ni foleni, na kwamba yeye ndiye aliyemwona akifika mwisho. Yule bwana akajibu kuwa mzee mzima hapaswi kusema uongo hadharani. Walibishana hapo, sauti juu, mpaka mhudumu akatoka kuwatenganisha.