Ave Africa Njiani Kwenda Ngorongoro

Tulikwisha kuipita Karatu, tukiukwea mwinuko wa kwenda lango la Lodoare, dereva alipofungulia muziki. Gitaa la umeme likaguruma, kisha ikaja sauti iliyoimba Kiswahili. Nikamuuliza kama hao ni Wakenya.

"Hapana, Dokta. Hawa ni Sunburst wa Dar es Salaam. Nyimbo zao nilipewa na mgeni, Mjerumani."

Nimefundisha historia ya siasa za enzi ya Azimio kwa zaidi ya muongo mmoja. Jina la Sunburst sikuwahi kulisikia.

Baadaye nilifuatilia. Bendi hiyo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, miezi michache tu baada ya wakubwa wa jiji kupiga marufuku muziki wa soul, na baada ya Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU kupiga vita sketi fupi. Walichanganya roki, soul na ngoma zetu. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976, walipokwisha kwenda Zambia. Ilikaa kimya miaka 40 hadi kampuni ya Strut ya London ilipoirejesha sokoni mwaka 2016. (Si kila wimbo umeiva, lakini hata utenzi mzuri una beti dhaifu.)

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba marufuku zile, pamoja na ukali wake, ziliwarudisha wanamuziki kwenye asili. Sasa naona nilikuwa nikirudia hoja ya serikali kwa maneno ya kitaaluma. Vijana hawa hawakulitupa gitaa ili waipate ngoma. Walivibeba vyote viwili, na hakuna kamishna aliyewaelekeza.

Ngorongoro iliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979. Tunazihesabu faru zake moja moja. Tangu 2022, familia za Kimaasai zimekuwa zikihamishiwa Msomera, kwa hiari, tunaambiwa, ili urithi huo udumu. Dola inayoweza kumhamisha mtu kwa ajili ya urithi haikuona haja ya kutunza sahani moja ya santuri.

Langoni dereva alipunguza sauti, akashuka na makaratasi ya vibali. Aliporudi nilimwomba anirushie nyimbo zile kwenye simu. Mtandao ulikuwa hafifu. Ziliingia mbili tu.