Flamen: Kuhani Katika Umbo la Kitu

Kwa miaka mingi nimeshikilia kwamba utu wa nomino haumo katika umbo lake bali katika upatanisho wake. Neno moja la Kilatini, flamen, limenizidishia imani hiyo.

Flamen alikuwa kuhani wa Kirumi aliyewekwa wakfu kwa mungu mmoja. Nyadhifa hizo zilikuwa 15, na makuhani watatu wakuu waliwahudumia Jupiter, Mars na Quirinus. Kisarufi, neno lenyewe ni la ajabu. Nomino za Kilatini zinazoishia kwa -men, kama vile nomen, yaani jina, na flumen, yaani mto, aghalabu huwa za jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Wingi wazo ni nomina na flumina. Flamen, kinyume chazo, ni la kiume, na wingi wake ni flamines. Isitoshe, lipo flamen jingine lenye maana ya mvumo wa upepo, nalo hufuata kawaida: flamina. Katika umoja, yakiwa kiima, maneno haya mawili hayatofautiani hata kwa herufi moja. Kivumishi ndicho kinachoyabainisha. Kuhani wa Jupiter ni flamen Dialis, wala si Diale.

Mzawa wa Kiswahili halioni jambo hili kuwa geni. Kiongozi, kijana na kipofu ni nomino zilizovaa kiambishi cha vitu, ilhali twasema kiongozi amewasili. Anayesema kiongozi kile kimewasili amemvua mwenziwe utu kwa kiambishi tu.

Aulus Gellius, mwandishi wa karne ya 2, ameorodhesha miiko ya flamen Dialis. Hakuruhusiwa kupanda farasi, kula kiapo, wala kumgusa au hata kumtaja mbuzi jike. Mavazi yake hayakupasa kuwa na fundo. Na mkewe, flaminica, alipofariki, ilimlazimu kuuacha wadhifa. Maisha hayo yalimkurubisha zaidi na chombo cha ibada kuliko na raia mwenziwe. Hata hivyo, sarufi ilikataa katakata kumfanya kitu.

Yafaa basi mhakiki avipime viambishi vya upatanisho kabla ya kutoa hukumu juu ya nafasi ya mhusika katika kazi yoyote. Nomino yaweza kurithiwa na umbo lake. Upatanisho ndio unaofichua ni nani anayehesabiwa kuwa mtu.