Mpiga Picha Aliyeinunua Volvo

Mtaani kwetu neno "Mchina" ni tusi. Redio ikikoroma, Mchina. Viatu vikiachama wiki ya pili, Mchina. Ukipita kijiweni na gari la Kichina washikaji watakuuliza kama linaruhusiwa kunyeshewa! Sasa jamani, leo niwapashe habari za jamaa anayeitwa Li Shufu, mwenye kampuni ya magari ya Geely.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1963 huko Taizhou, jimbo la Zhejiang, mtoto wa mkulima. Alipomaliza sekondari baba yake alimpa yuani 120. Wewe ungenunua nini? Usinijibu. Yeye alinunua kamera, akapanda baiskeli, akawa anazunguka kupiga watu picha kama jamaa zetu wa Sikukuu ya Idi. Baadaye alirudi darasani akasoma hadi shahada, lakini kamera ndiyo iliyotangulia, na hapo ndipo ninapompendea.

Akafungua studio. Kwa wasiojua, maji yaliyosafishia filamu hubaki na madini ya fedha ndani yake. Jamaa akajifunza kuyatoa, akayauza. Mwaka 1986 akaingia kwenye spea za friji, 1994 kwenye pikipiki, na 1997 akasema sasa magari. Gari ni kitu gani bwana, alisema, si magurudumu manne na sofa mbili tu?

Tatizo ni kwamba leseni ya magari hakuwa nayo. Alianza kwa mgongo wa kiwanda kingine, na gari lake la kwanza, Haoqing, likatoka Linhai tarehe 8 Agosti 1998. Leseni yake mwenyewe aliipata mwaka 2001.

Tusidanganyane, mambo ya kuigiza yalikuwepo. Ukiliangalia Haoqing unaiona Daihatsu Charade. Toyota nao walimpeleka mahakamani Beijing, wakisema nembo ya gari lake la Merrie inafanana na yao. Mwaka 2003 Toyota wakashindwa kesi. Mimi nembo zile nimeziona pichani, na nisingependa kuwa hakimu.

Ila mwaka 2007 alibadili gia, akatangaza kwamba habari ya kuuza rahisi tu basi, sasa ni usalama na ubora. Halafu likaja la 2010. Ford walikuwa wameinunua Volvo mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 6. Mpiga picha wa Taizhou akakubaliana nao kuichukua kwa bilioni 1.8! Volvo, gari la mabosi! Mwaka 2013 akachukua kampuni ya teksi nyeusi za London, 2017 akaingia Lotus ya Uingereza na Proton ya Malaysia, 2018 akanunua karibu asilimia 10 ya Daimler, wenye Mercedes.

Nayasema haya kwa sababu kaka yangu anadunduliza pesa za gari la teksi, miaka minne sasa, na nyumbani baraza limegawanyika. Mama anataka Mjapani mkuukuu, hata kama ameshazeekea kwao. Kaka anamezea mate Mchina mpya. Kila akitaja, shemeji anacheka mpaka anashika ukuta.

Kwa Geely peke yake uchaguzi ni mpana. Kuna Emgrand, gari dogo la familia. Kuna Coolray na Monjaro, yale yaliyoinuka ya kuuzia sura. Kulikuwa na Panda ya 2008, uso wake umechongwa kama mnyama panda mwenyewe, na mwaka 2023 jina hilo likarudi kwenye kagari ka umeme, Panda Mini. Mwaka huohuo wakaleta Galaxy, za umeme mtupu na za umeme na petroli. Wenye mshiko wana Zeekr, iliyoanza 2021.

Shemeji nimemwambia acheke kwa hoja. Aulize spea. Taa ikivunjika Jumamosi jioni, teksi ikilala wiki mbili ikisubiri taa kutoka ng'ambo, hesabu ya siku nani atailipa? Hilo kaka hajalijibu bado, na Jumatatu anakwenda Kariakoo kuuliza duka kwa duka.