Afande na Land Rover Yake: Kumbe Gereji Nayo Inaponya

Watu wakimwona mzee wa karibu miaka 70 amelala chini ya gari bovu, husema mambo mawili: ama hana kazi, ama pesa zinamwasha. Huyu wa Morogoro hizo pesa hana. Jina lake libaki nyumbani kwake, maana hata majirani waliokaa naye miaka 30 hawajui nusu ya habari zake. Gereji vijana wanamwita Afande, basi, inatosha.

Afande ni wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mkoani Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yeye alikuwa dereva jeshini, kijana wa miaka 21. Alivuka Mutukula, akapita Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa kwenye usukani wa Land Rover 109. Akarudi na mikono yote miwili, miguu yote miwili. Mtaa mzima ukashangilia, eti huyu kapona.

Kumbe wapi! Anayejua ni mke wake. Usiku mzee alikuwa anapiga kelele kama anamwita mtu. Siku moja aliamka amemshika mkewe mkono mpaka ukavimba. Yule mama hakugombana wala hakwenda kwao. Alibeba mto wake akahamia chumba cha watoto, na huko akalala miaka mingi sana. Watoto nao walijua sheria za nyumba: mlango haubamizwi, na baba haamshwi kwa kuguswa, unasimama mlangoni unamwita. Mtoto wa kwanza alichoka mapema, akakimbilia Dar es Salaam. Akipiga simu, ni ya mama tu.

Ugonjwa huu wa kiwewe cha vita uliingia kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, yaani mwaka mmoja baada ya Kampala kuanguka. Kwa hiyo Afande alirudi nyumbani na kitu ambacho hata huko mbali ndiyo kwanza kilikuwa kinapewa jina. Huku kwetu watu walisema karogwa, wengine walisema pombe. Na ukitaja daktari wa akili, watu wanawaza Mirembe tu, wanacheka.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa limekaa chini ya mwembe wa mtu, kuku wanatagia kwenye siti. Land Rover 109, ya aina ileile aliyoendesha vitani. Mzee akatoa akiba yake akalinunua. Nyumbani moto ukawaka. Mtoto wa Dar, aliyekuwa haongei na baba yake, siku hiyo alipiga simu mwenyewe: "Bati linavuja, mama anaumwa magoti, halafu wewe unanunua chuma chakavu?" Kiukweli hoja alikuwa nayo. Mzee hakujibu.

Wanaozijua Land Rover za zamani wanajua ugonjwa wao. Bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi ni ya chuma na huoza kuanzia ndani. Ukiitazama kwa nje unasema gari zima, ukigonga kwa nyundo inatoboka. Afande alianzia hapo. Kipande kilichooza kinakatwa, kingine kinachomelewa. Spea zilizokosekana Morogoro zilifuatwa Gerezani, Dar. Injini ya petroli ya silinda nne akaifungua yote na kuipanga upya mezani, juu ya magazeti.

Lile gari lilimtisha mara moja. Taiming ilikuwa haijakaa, fundi alipowasha likapasua mlio mmoja kwenye ekzosi, paa! Vijana walipogeuka, Afande alikuwa chini ya meza ya vyuma, ameziba kichwa kwa mikono. Hakuna aliyecheka. Fundi alizima gari, akakaa chini karibu naye, akaanza kusafisha plagi kimyakimya. Baada ya kama robo saa mzee akatoka, akasema, "Haya, turudie. Moja, tatu, nne, mbili." Huo ndio mpangilio wa silinda za injini ile kuwaka. Tangu siku hiyo hakuna anayewasha gari pale bila kusema kwanza, "Afande, nawasha."

Na maneno yalianza kutoka hapo. Mjukuu wake alimuuliza, "Babu, haya ulijifunza wapi?" Mzee, macho yakiwa kwenye kabureta, akamsimulia rafiki yake aliyekuwa anakaa siti ya kushoto na hakurudi. Alikuwa hajawahi kumtaja kwa mtu. Ukimweka mzee kama huyu kwenye kiti ukamwambia ongea, haongei. Mpe spana, simama ubavuni mwake mkitazama kitu kimoja, na usimharakishe. Uingereza ipo taasisi inaitwa Mission Motorsport, ilianza 2012, inawasaidia wanajeshi walioumia kupitia magari. Afande hajawahi kuisikia. Na wala gari si badala ya daktari. Mwaka jana mzee alikubali kwenda hospitali, akisindikizwa na fundi.

Yule mtoto wa Dar alikuja sikukuu. Alipofika, baba yake alikuwa chini ya gari. "Nimulikie tochi," mzee akasema. Akamulika saa mbili nzima. Samahani haikutamkwa na yeyote, lakini aliporudi Dar alianza kutafuta spea mwenyewe.

Usiku mzee bado anashtuka. Ila siku hizi badala ya kupiga kelele, anasikika akihesabu polepole: moja, tatu, nne, mbili. Mkewe anajua kwa sababu amerudi kulala chumbani.

Juzi akatokea mtu wa mjini na pesa nzuri, anataka kulinunua gari, hata rangi halijapigwa. Mzee akasita, bati bado linavuja. Aliyejibu ni mama, kutoka jikoni: "Baba, ukiliuza hilo gari, mimi na mto wangu tunarudi chumba cha watoto."

Mnunuzi akaaga. Kama mtaani kwenu yupo mzee wa namna hii, simulia hapo chini, ila jina lake usilitaje.