Mzigo Uko Begani mwa Nani?

Sisi tuliosoma pamoja seminari tuna mfuko mdogo wa kuwalipia karo watoto wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Baadhi yetu ni mapadre, wengi ni walei wenye familia. Hivi karibuni mwenzetu anayeishi Marekani alituletea wazo: sehemu ya fedha za mfuko, pamoja na mchango wake mwenyewe, inunue hisa za kampuni za chipu, vile vipande vidogo ambavyo ndivyo ubongo wa kompyuta. Alitaka jibu moja tu: Intel, AMD au Nvidia?

Tulikutana hapa Tabora, Jumapili baada ya Misa, tukakaa chini ya mwembe na kuanza na hesabu. Intel ilianzishwa mwaka 1968, AMD 1969, Nvidia 1993. Kwa miongo mingi Intel ndiyo iliyotamba. Lakini mwaka 2024 hisa yake ilipoteza zaidi ya nusu ya bei, ikatangaza kusitisha gawio, na mwezi Novemba nafasi yake katika orodha ya kampuni 30 za Dow Jones ikachukuliwa na Nvidia. Mwaka huohuo bei ya hisa ya Nvidia ilizidi mara mbili. Mwenye Intel alilia, mwenye Nvidia alicheka. Kesho nani atacheka? Hakuna kati yetu aliyethubutu kujibu.

Ndipo mzee wetu mmoja akauliza: "Na mzigo uko begani mwa nani?"

Mtu wa Tabora huelewa swali hilo upesi. Katika karne ya 19, misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, ikagawanyika: mingine Ujiji, mingine Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara walishindana kwa pembe za ndovu, na matajiri wa Zanzibar, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, waliwapa mtaji. Tajiri aliyeko pwani alipima nani atarudi na faida. Bega la mpagazi hakuliona, wala mnyororo wa mtumwa.

Leo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, kunachimbwa koltani, bati na tungsteni, madini yanayohitajika katika vifaa vya elektroniki. Mwezi Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, eneo la koltani huko Masisi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba wanatoza kodi madini hayo. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2010, kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya huko zinazotumia madini ya aina hiyo hutakiwa kuchunguza yalikotoka na kutoa taarifa kila mwaka. Intel ilitangulia: Januari 2014 ilitangaza kwamba prosesa zake hazina tena madini yanayofadhili vita vya Kongo. Ndiyo hiyohiyo iliyoanguka sokoni miaka kumi baadaye. Haikuanguka kwa sababu ya wema huo, lakini tulijifunza kwamba soko halitoi tuzo kwa dhamiri safi.

Mwenzetu mmoja alipinga kwa haki: "Tukikataa kila kilichopita Kongo, tutupe na simu hizi tulizoitiana kikao." Hatukuwa na jibu la kumshinda. Mikono yetu imo tayari. Waraka wa Vatikano wa mwaka 2022 kuhusu uwekezaji, *Mensuram Bonam*, yaani kipimo chema, haumwambii mwamini akimbie soko. Unamtaka aingie akiwa na imani yake.

Tuliamua hivi. Fedha za karo zibaki kwenye hatifungani za serikali, kwa sababu Januari ya mtoto haisubiri bei ipande. Mchango wa mwenzetu ni wake. Akinunua hisa, tumemwomba asome kwanza taarifa ya madini ya kila kampuni, kisha atumie kura yake ya mwanahisa kuuliza swali la mzee wetu.

Amejibu kwamba ameanza kusoma. Nasi tumekubaliana kwamba gawio lolote litakalokuja, kabla ya kuligawa, tutasali kwanza kwa ajili ya wachimbaji wa Rubaya.